Nyatiti Mlangoni mwa Chuo Kikuu: Ni Nani Anayestahili Kusomea Muziki?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, magazeti hujaa picha za watahiniwa waliobebwa juujuu na jamaa zao, na gumzo la taifa zima huwa ni udaktari, uhandisi na uanasheria. Ni nadra kumsikia mtahiniwa akiwaambia wanahabari kwamba anataka kusomea muziki. Hata hivyo wapo, na katika kaunti za Migori na Homa Bay wapo wengi kuliko inavyodhaniwa. Makala haya yanawahusu hao. Yanatuhusu pia sisi wanafunzi wa Kiswahili, ambao kwa miaka mingi tumekuwa tukichuma matunda ya nyimbo bila kuuliza waimbaji wanafunzwa wapi na ni nani anayewafungia mlango.

Nianze na mlango wenyewe. Muziki kama shahada hufundishwa katika vyuo vikuu vichache vya humu nchini, miongoni mwavyo Kenyatta, Maseno, Kabarak na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Anayetaka kuingia hukutana na vizuizi viwili. Cha kwanza ni alama. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ilipounda KUCCPS kuchukua nafasi ya Bodi ya Pamoja ya Udahili, yaani JAB, mtahiniwa huchagua kozi zake kwa njia ya mtandao, kisha hupangwa kwa kufuata alama za masomo yake. Kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu ni gredi ya C+. Sina ugomvi na utaratibu huo kwa jumla, ila ikumbukwe kwamba kompyuta haina masikio. Haiwezi kujua kama anayeomba muziki anaweza kushika lahani, wala haiwezi kujua kama aliyeomba ualimu wa Hisabati ndiye hasa angekuwa mwanamuziki.

Kizuizi cha pili ni majaribio. Idara za muziki, hapa kwetu na ughaibuni, aghalabu humtaka mwombaji afike mbele ya jopo. Hupigiwa kifungu kwenye piano akatakiwa kukiimba. Hupigiwa mapigo akayarudia kwa makofi. Hupewa karatasi yenye noti ambazo hajapata kuziona akaambiwa azisome papo hapo. Mwisho hupiga ala yake au kuimba wimbo aliojichagulia. Aliye na vyeti vya ABRSM, ile bodi ya mitihani ya London iliyoanzishwa mwaka 1889, huingia chumbani humo akiwa na utulivu, kwa kuwa mitihani yake yote ya awali ilikuwa na sura iyo hiyo. Mtoto wa Nairobi aliyepata kusoma katika Kenya Conservatoire of Music, taasisi iliyokuwako tangu mwaka 1944, au aliyeajiriwa mwalimu wa piano nyumbani, amekuwa akiyafanya haya tangu utotoni. Simlaumu. Amefunzwa vyema na anastahili nafasi yake. Nauliza tu kuhusu yule mwingine.

Huyo mwingine yuko Nyatike, au Ndhiwa, au Mbita, au kule Kuria. Amezaliwa katika eneo ambalo, kwa maoni yangu, lina utajiri wa muziki usio na kifani katika Kenya bara. Kuna nyatiti, kinubi cha Waluo chenye nyuzi nane, ambacho mpigaji hukipiga akiwa ameketi kwenye kigoda kifupi, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mti wa kinubi kama ngoma. Tazama kazi anayoifanya mtu mmoja kwa wakati mmoja: vidole vinapiga lahani, mguu unapiga mapigo mawili tofauti kwa pete na kwa njuga, na kinywa kinaimba maneno yanayotungwa papo hapo kulingana na waliohudhuria. Kuna orutu ya uzi mmoja na upinde wake. Kuna ngoma za ohangla ambazo asili yake ziliwambwa kwa ngozi ya kenge. Ukivuka ukaingia Kuria unakuta iritungu, kinubi kingine cha nyuzi nane, kikubwa na chenye sauti nzito, pamoja na wachezaji wanaocheza juu ya viatu vikubwa vya mbao. Benga nayo, ingawa imekwisha kuwa mali ya Kenya nzima, mizizi yake iko ukanda huu wa ziwa. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka 1940 na kufariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mwaka 2006, alivuka mpaka na gitaa lake na kuifanya Shirati Jazz kuwa jina la kila nyumba. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba gitaa la benga linadonolewa jinsi nyuzi za nyatiti zinavyodonolewa.

Kijana aliyekulia katika mazingira hayo akiingia kwenye chumba cha majaribio, anaonekana hajui muziki.

Ninamfahamu mmoja. Ni binamu yangu wa upande wa mama, na kwao ni karibu na Sori, ufuoni mwa ziwa. Nyatiti alifunzwa na babu yake, na kufikia kidato cha nne alikuwa akialikwa matangani hadi Karungu na Macalder. Alipata B ya kutoa katika KCSE. Shuleni kwao hapakuwa na mwalimu wa Muziki, kwa hivyo somo hilo hakulifanya. Aliomba nafasi katika chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja, akasafiri usiku kucha akiwa amepakata nyatiti magotini kwa kuogopa kuiweka juu ya basi. Wanajopo walikuwa watu waungwana; alinisisitizia hilo. Walimwomba asome noti, akasema hajui. Walimpigia sauti mbili kwenye piano wakamwuliza, kwa Kiingereza, umbali kati yake unaitwaje. Aliziimba zote mbili bila kukosea, ila jina hakulijua. Kisha wakamwambia apige ala yake. Alipomaliza kuikaza na kuanza utangulizi, wakamshukuru. "Kaka," aliniambia baadaye, "kule kwetu hapo ndipo watu huwa wanavuta viti." Siku hizi anaendesha bodaboda siku za wiki na kupiga nyatiti Jumamosi.

Msomaji anaweza kusema kwamba kisa kimoja si hoja, na atakuwa amesema kweli. Tuitazame basi hoja ya upande wa pili, maana si ya kupuuzwa. Mhadhiri wa muziki atatwambia kwamba mwaka wa kwanza wa shahada una darasa la upatanifu wa sauti, darasa la uchanganuzi na darasa la utunzi, na yote hayo huendeshwa kwa maandishi ya noti. Asiyejua kusoma noti atazama kabla ya Krismasi, na chuo kitakuwa kimemdhulumu kwa kumpokea. Hoja hii ina uzito. Nimewaona wanafunzi wakizama katika taaluma nyingine kwa sababu kama hizo. Ila tuichunguze. Kusoma noti ni stadi inayoweza kufundishwa mtu mzima mwenye bidii kwa muda wa mwaka mmoja. Je, sikio linalotambua uzi uliolegea kidogo tu, mkono unaokumbuka mamia ya lahani, na ulimi unaotunga sifa za mgeni ambaye jina lake umeambiwa dakika moja iliyopita, vinaweza kufundishwa kwa mwaka mmoja? Majaribio yetu yanapima kile kinachofundishika kwa urahisi na kukipa kisogo kile kisichofundishika darasani.

Sisi wa Kiswahili tuna mfano wetu wa kulinganisha. Hazina kubwa ya tenzi zetu za kale, tangu Utendi wa Tambuka ambao hati yake inarejelea mwaka 1728, iliandikwa kwa hati za Kiarabu. Mtafiti wa kweli wa tenzi hizo hana budi kuzijua hati hizo. Lakini ni idara gani ya Kiswahili imewahi kumkataa mwombaji wa shahada ya kwanza kwa sababu hajui alifu na bee? Tungefanya hivyo, madarasa yetu yangebaki na wanafunzi wachache kutoka Lamu na Mombasa, na huyu anayeandika makala haya, mtu wa bara, asingekanyaga ukumbi wa fasihi. Tunampokea mtu kwa lugha aliyonayo, halafu anayetaka kuingia kwenye hati za kale tunamfunza.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitambui ni kwamba vijana wa Homa Bay si mbumbumbu wa maandishi ya muziki hata kidogo. Mwaka 1906 wamishonari wa Kiadventista walianzisha kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay, na kwaya zikawa sehemu ya maisha ya sabato katika eneo lote. Pamoja na kwaya yakaja maandishi ya sol-fa: do, re, mi, yaliyoandikwa kwa herufi na nukta badala ya mistari mitano. Nenda leo kwenye mazoezi ya kwaya ya kanisa lolote kubwa la eneo hilo, utawakuta wasichana wa miaka kumi na mitano wakisoma sauti ya pili na ya tatu kutoka kwenye karatasi ya sol-fa bila ala yoyote ya kuwaongoza. Huko ni kusoma muziki. Sol-fa yenyewe ilisambazwa huko Uingereza katika karne ya 19 na John Curwen kwa ajili ya watu wa kawaida wasio na piano nyumbani. Inashangaza kwamba njia iliyobuniwa na Wazungu kwa ajili ya maskini wao haitambuliwi ipasavyo na majopo yetu kwa maskini wetu.

Chanzo cha hali hii si vyuo vikuu peke yake. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Muziki ulitahiniwa katika shule za msingi pamoja na Sanaa na Ufundi, na kila mtoto, hata wa Muhuru Bay, alilazimika kujua mstari na nafasi. Wengine tuliwaona kaka na dada zetu wakipuliza filimbi za plastiki hadi majirani wakachoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani yalipunguzwa, Muziki ukaondolewa, na somo lisilotahiniwa katika Kenya ni somo lililokwisha kuzikwa. Katika shule za upili lilibaki somo la hiari lenye karatasi tatu: ya vitendo, ya usikivu na ya nadharia. Lakini hiari hiyo ni ya shule zenye mwalimu na ala. Tamasha za muziki za shule, ambazo historia yake inarudi nyuma hadi mwaka 1927, ndizo zilizobaki kuwa darasa la wengi. Mtoto wa Rongo anaweza kufika kwenye fainali za kitaifa na hata kutumbuiza mbele ya Rais, halafu miaka miwili baadaye jopo likamwambia kwamba hana msingi.

Katika haya yote kuna kinaya ambacho sharti nikitaje. Mwaka 1980 Washington Omondi alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha London kwa utafiti juu ya kinubi cha Waluo. Msomi huyo huyo ndiye aliyeongoza tume ya rais ya muziki ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 1984, na mwaka 1988 serikali ikaunda Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki. Yaani nyatiti ilitosha kumpa mtu udaktari London zaidi ya miaka arobaini iliyopita, lakini haijatosha kumpa mpigaji wake kiti katika mwaka wa kwanza hapa nyumbani. Eriko Mukoyama, Mjapani anayejulikana jukwaani kwa jina la Anyango, alipotaka kuijua nyatiti hakwenda kwenye idara yoyote. Alikwenda kukaa kijijini Siaya miguuni pa bingwa.

Sasa nirudi kwetu. Kuna mtu atakayeuliza, haya yote yanahusu nini chama cha wanafunzi wa Kiswahili? Yanatuhusu sana. Kila mtahiniwa wa KCSE hukaa mbele ya karatasi ya Fasihi, 102/3, akaulizwa kuhusu nyimbo. Anaorodhesha: bembelezi, mbolezi, hodiya, kimai, wawe, nyiso. Anataja sifa zake: zina kiitikio, hutumia takriri, huambatana na ala. Ala gani? Wimbo wenyewe unasikikaje? Hajui, na mara nyingi mwalimu wake pia hajui. Tumewafunza watoto wa Kenya kuzijua nyimbo kama orodha ya dawa ambazo hawajawahi kuzinywa. Tunawafunza majigambo kwa mifano ya vitabuni, ilhali Waluo wana pakruok inayoishi hadi leo: msikilizaji hutoa pesa kidogo, muziki unasimama, naye anajisifu kwa mafumbo mbele ya umati, kisha nyuzi zinaendelea. Mwanafunzi wa Homa Bay ameyashuhudia majigambo hayo akiwa hai, lakini katika mtihani ananukuu yaliyotungwa na mwandishi wa kitabu cha kiada.

Na sisi wa vyuo vikuu hatujafanya vizuri zaidi. Wangapi kati yetu wamefanya utafiti wa nyanjani juu ya mbolezi au nyimbo za arusi? Tulikwenda na vinasa sauti, tukarudi, tukaandika maneno, tukayatafsiri, tukayachanganua kwa nadharia hii au ile, na sauti zenyewe tukaziacha zipotelee kwenye simu zilizoibwa au kuharibika. Tumeuchukua wimbo tukaubandua maneno. Idara ya muziki imeuchukua ikaubandua noti. Anayeubeba mzima mzima ni yule kijana wa Sori, naye hana kiti kwetu wala kwao.

Lipo pia suala la lugha ya majaribio. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema bayana kwamba lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Hakuna sheria inayomzuia mwanajopo kumwuliza mwombaji maswali kwa Kiswahili. Maneno tunayo: noti, mizani, mahadhi, lahani, kiitikio, ala, mapigo, sauti ya juu na ya chini. Pale ambapo hatuna, kazi ya kubuni ni yetu, si ya idara ya muziki, na hili ni deni ambalo chama chetu kingeweza kuanza kulilipa muhula huu badala ya kufanya kongamano jingine juu ya utandawazi. (Nimehudhuria manne. Nayajua.)

Wala si lazima tuibuni njia upya. Jirani zetu wametangulia. Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na sasa kinaitwa TaSUBa, ngoma na ala za asili zilikuwa kiini cha masomo tangu mwanzo. Huko Unguja, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichofunguliwa mwaka 2002 kimekuwa kikifunza udi, kanuni na ngoma pamoja na kusoma noti, bila kuona kwamba kimoja kinamfukuza mwenzake. Makerere imekuwa na muziki, ngoma na maigizo chini ya paa moja tangu miaka ya 1970. Sisemi kwamba huko hakuna matatizo. Pesa ni tatizo kila mahali. Nasema kwamba mpigaji wa kanuni haambiwi aende kwanza akajifunze piano ndipo ahesabiwe kuwa mwanamuziki.

Ninachopendekeza ni kidogo. Majaribio ya sikio yabaki, na yawe makali. Asiyeweza kurudia lahani aliyoisikia asipokewe, awe wa Nairobi au wa Nyatike. Usomaji wa sol-fa ukubaliwe sawa na wa mistari mitano. Mpiga nyatiti, orutu au iritungu apewe muda wa kutosha wa kupiga, na joponi awepo angalau mtu mmoja anayeijua ala hiyo, hata kama mtu huyo ni mzee asiye na shahada aliyelipwa nauli na posho ya siku moja. Anayefaulu kwa sikio na kwa ala lakini hajui noti apewe mwaka wa matayarisho, na akishindwa mwaka huo, aondoke. Kama vyuo vya mbali vinaona uzito, Chuo Kikuu cha Rongo kiko Migori na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko Homa Bay; mwaka huo wa matayarisho ungeweza kufanyika pale pale, karibu na walimu wa ala wenyewe. Wapo pia vijana wa vijijini wanaojiita wapiga nyatiti na hawawezi hata kuikaza sawasawa, na wengine wanaodharau maandishi kana kwamba ujinga ni utamaduni. Hao siwatetei.

Wakati unatubana. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na miongoni mwa mikondo mitatu waliyowekewa mmoja ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa mara ya kwanza tangu Muziki uondolewe katika mtihani wa shule za msingi, serikali imemwambia mtoto wa Migori kwamba sanaa ni njia kamili. Wanafunzi hao watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Wanachagua ala zao sasa, na wazazi wao wanauza mbuzi sasa kulipia kinanda cha umeme au kumlipa fundi wa nyatiti, bila kujua ni kipi kati ya viwili hivyo kitakachokubaliwa na jopo. Idara za muziki zinapaswa kuwajibu kabla mbuzi hawajauzwa. Kwa upande wetu, natoa hoja kwa kamati ya chama ijadiliwe katika mkutano mkuu ujao: orodha ya istilahi za majaribio ya muziki kwa Kiswahili iandaliwe na kupelekwa kwa idara husika, na safari ya utafiti ya mwaka huu ielekezwe Ndhiwa na Nyatike, na kila atakayekwenda arudi na maneno ya wimbo pamoja na sauti yake.